Miezi Mitano Nilikula Chakula cha Leszek

Ijumaa ya pili ya mwezi wa kwanza nilirudi kazini nikakuta mfuko umening'inizwa kwenye kitasa cha mlango wangu.

Ndani mlikuwa na chupa mbili za mdomo mpana, kama zile za jamu ila kubwa zaidi. Moja ilijaa bigosi, kabichi chachu iliyopikwa na nyama na uyoga. Nyingine maharage.

Hakukuwa na barua wala jina. Juu ya kila kifuniko palibandikwa kipande cha karatasi, mtu ameandika kwa kalamu ya wino aina ya chakula na tarehe. Basi.

Nikagonga kwa jirani wa mlango wa pili, mama mmoja mwenye mbwa.

"Samahani mama, hizi ni zako?"

Akanusa mfuko. Mbwa naye akanusa.

"Laiti zingekuwa zangu. Bwana jirani, mtu akikuletea bigosi huulizi. Unapasha, unakula."

Akafunga mlango.

Nikapasha. Nikala.

Ijumaa iliyofuata mfuko ulikuwepo tena. Na iliyofuata. Na nyingine.

Naitwa Otmar Haule, mtu wa Songea. Huu ni mwaka wangu wa saba Poland. Nilikuja kama mgeni wa msimu mmoja, nichume tufaha miezi mitatu nirudi kwetu. Tufaha ziliisha, nikaitwa kwenye uyoga. Uyoga ukaisha, nikaja hapa Lublin. Sasa niko kwenye chumba cha kufulia cha hospitali moja, nakunja mashuka.

Naanza kazi saa kumi na mbili asubuhi. Nikitoka napanda basi la umeme hadi shule ya watu wazima, maana nimejiandikisha kumaliza sekondari nikiwa na miaka arobaini na sita. Nakaa dawati la nyuma, nasinzia kwenye historia, naamka kwenye hesabu. Ijumaa ndiyo siku pekee isiyo na darasa.

Fleti yangu iko ghorofa ya nne na lifti hakuna. Aliyepanga kabla yangu aliacha meza ya jikoni, sufuria moja na ndala za ndani za kahawia. Nikavaa zile ndala. Miguu haina kiburi wakati wa baridi.

Wiki ile ya kwanza nilikuwa nimemwambia Mungu kwamba nimechoka. Sikuomba chakula, niliomba nguvu tu. Nilisema, Bwana, shule hii naiacha, nikifika nyumbani sina hata nguvu ya kumenya kiazi.

Siku tatu baadaye, mfuko mlangoni.

Kwa hiyo mimi sikuwa na shaka. Nilijua umetoka wapi. Nilipiga ishara ya msalaba kwanza, ndipo nikafungua kifuniko.

Na sikuiacha shule.

Mwezi wa tatu, Jumamosi moja asubuhi, nilishuka na chupa tupu nizitupe kwenye pipa la vioo. Pale kwenye mapipa alikuwa amesimama Bwana Zenon wa ghorofa ya pili.

Bwana Zenon anaendesha basi dogo la abiria kati ya Krasnystaw na hapa. Mjane, mrefu, sura kama mtu aliyeumwa jino tangu utotoni. Tangu nihamie, salamu yake kwangu ilikuwa ni kuguna.

"Bwana jirani."

"Naam, Bwana Zenon."

"Umeshika nini?"

"Chupa tupu. Natupa."

"Anatupa," akasema, kama anamwambia mtu mwingine. "Na zile za nyuma zote?"

"Nilitupa."

"Umezitupa zote."

"Zilikuwa tupu, Bwana Zenon."

Alinitazama kama mtu aliyeniona nakanyaga mkate.

"Wewe umekaa nchi hii miaka mingapi?"

"Saba."

"Miaka saba, na hakuna mtu aliyewahi kukulisha kwa chupa?"

"Hakuna."

Halafu akavua kofia yake akanipa.

"Shika."

Akaingiza mkono kwenye pipa hadi begani. Akatoa chupa moja ya wiki iliyopita, ina ukoko wa maharage. Akatoa nyingine. Ya tatu ilikuwa imevunjika, akaguna akairudisha taratibu.

"Sikiliza," akasema, anajipangusa. "Chakula ni chako. Chupa si yako. Chupa inaoshwa, inarudi. Na inarudi na kifuniko chake, si kifuniko cha chupa nyingine. Anavijua vifuniko vyake."

"Nani anavijua?"

"Mama mmoja wa kijijini. Nambebea kwenye basi. Tangu mwezi wa kwanza ananiuliza chupa ziko wapi, namwambia zimesahaulika. Uwongo umeniishia. Majira ya matango yanakuja, mama wa watu ataweka matango yake kwenye nini? Kwenye viatu?"

"Mbona ananipikia mimi? Ananijua?"

Akachukua kofia yake akaivaa.

"Kwa mtu anayekula bure, unauliza sana."

Tukapeana namba za simu ili nimwambie nikiwa tayari. Nikapanda ngazi na chupa nne mikononi, nimefedheheka.

Niliziosha kwa maji ya moto. Nikazipangusa hadi zikang'aa. Nikavilinganisha vifuniko kimoja kimoja.

Lakini nilipotaka kuzitia kwenye mfuko, mkono ukagoma.

Kwetu, mtu akikuletea chakula kwenye bakuli, hurudishi bakuli tupu. Mama yangu angeweza kukuchapa kwa hilo hata ukiwa na ndevu. Unatia chochote, hata viazi viwili, hata chumvi.

Nikashuka dukani nikanunua karanga. Nikazikaanga kwa chumvi, kwa moto mdogo, nikajaza chupa moja. Nikampelekea Bwana Zenon. Hakuangalia ndani. Aliutupia mfuko nyuma ya kiti cha dereva, akaguna.

Wiki iliyofuata chupa zilikuja tatu badala ya mbili, na moja ilikuwa kubwa kama ndoo ya mtoto.

Nikarudisha kashata za karanga. Zikaja pierogi, vipande vya unga vilivyojazwa viazi na jibini, zimelazwa kwenye siagi. Nikarudisha majani ya chai niliyochanganya na iliki na tangawizi. Ikaja supu ya bitiruti, ile nyekundu kama damu, ambayo miaka sita nilikuwa naikwepa. Nikailamba hadi chini.

Hivyo hivyo hadi mwezi wa sita. Mwili ukanirudia. Mwalimu wa historia akaniambia, "Bwana Otmar, siku hizi unaamka."

Halafu Ijumaa moja kitasa kilikuwa kitupu.

Nilisimama mlangoni muda mrefu kuliko inavyompasa mtu mzima. Nikashuka hadi chini kuangalia kama umeanguka. Nikapanda tena. Usiku ule nilikula mkate na chai, nikaona aibu jinsi nilivyozoea.

Jumapili, nimetoka misa ya asubuhi, simu ikaita. Bwana Zenon. Alikuwa ananong'ona, na Bwana Zenon si mtu wa kunong'ona.

"Uko nyumbani?"

"Niko."

"Niko kituo cha mafuta, namwambia natia upepo. Yumo kwenye basi langu."

"Nani?"

"Bi Bronisława. Mama wa chupa. Amepanda asubuhi, na begi, ameniambia nimpeleke kwa Leszek."

"Leszek ni nani?"

Nikasikia malori yanapita.

"Bwana Zenon, Leszek ni nani?"

"Aliyekuwa anakaa hapo kwako. Mwanawe."

Nikakaa chini.

Akanieleza haraka haraka, kama mtu anayemwaga maji machafu. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akimletea Leszek chupa za mama yake kila Ijumaa. Mwezi wa kumi na mbili Leszek alihama kwenda Norwei, kiwanda cha samaki. Hakumwambia mama yake. Alimwambia Zenon, chukua chakula ule wewe, mama asijue. Zenon ana vidonda vya tumbo, kabichi ni sumu kwake. Na kutupa chakula hawezi, mama yake mzazi alikuwa akiinua mkate ulioanguka na kuubusu.

"Kwa hiyo nikaning'iniza palepale nilipozoea kuning'iniza," akasema. "Mlango ule ule. Nikasema kuna mtu humo, na ni mwembamba."

Nikatazama ndala zile miguuni mwangu.

"Otmar, nusu saa tumefika. Maneno matatu tu. Unakaa na Leszek. Leszek yuko zamu. Atarudi jioni. Mimi jioni nitakuwa nimeshamrudisha."

"Nimetoka kukomunika sasa hivi, Bwana Zenon."

"Mimi naenda misa ya jioni. Nitaungama kwa niaba yetu wote wawili."

"Haiendi hivyo."

"Ana miaka sabini na nane," akasema. "Ukimwambia ukweli, atarudi kwenye nyumba ile peke yake na huo ukweli. Umefikiria hilo?"

Akakata.

Nilipiga magoti pale jikoni, kando ya ile meza. Nilitaka kusali, nikajikuta nalalamika. Bwana, kumbe hata uliponilisha ulinilisha kwa makosa. Kumbe nilikuwa nakushukuru kwa chakula cha mtu. Sasa unataka nifanye nini? Nikisema kweli, namuumiza mama aliyenishibisha, na chupa zinakoma. Nikidanganya, naendelea kula.

Bomba lilikuwa linadondosha matone kwenye sinki. Nilikuwa nimechoka hata kuogopa.

Kengele ikalia.

Alikuwa mfupi, kofia ya sufu kichwani ingawa ni kiangazi, na begi kubwa alilomkataza Bwana Zenon asimshikie. Akavua viatu mlangoni kabla hata hajasalimia. Nilipoinama kumtafutia ndala za mgeni, nikaona anatazama miguu yangu.

"Hizo za kahawia nilimnunulia mimi," akasema. "Sokoni, mwaka juzi. Alisema zinambana."

"Mimi zinanitosha, bibi."

Mara nikajuta. Bwana Zenon nyuma yake alikuwa amefumba macho.

"Leszek yuko zamu, Bi Bronisława," akaingilia. "Huyu ni mwenzake, wamegawana fleti, siku hizi vijana wana..."

"Zenon."

"Naam."

"Njia nzima nimekuuliza habari za mwanangu, ukanieleza habari za mvua. Sasa sikuulizi wewe."

Akanigeukia. Macho yake yalikuwa ya buluu iliyofifia, kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Mimi najua vitambaa vilivyofuliwa mara nyingi.

"Wewe. Leszek yuko wapi?"

Nataka niwaambie kwamba nilikuwa jasiri. Sikuwa. Nilifungua mdomo niseme zamu, na neno la zamu likawa limefika kwenye ulimi kabisa. Ila nilikuwa nimesimama ndani ya ndala za mtu, nimeshiba chakula cha mtu, na sasa nilitaka kusema maneno ya mtu. Nikaona nikimaliza hapo, Otmar amebaki wapi?

"Bibi, Leszek haishi hapa," nikasema. "Alihama kabla ya Krismasi. Mimi ndiye niliyekula chakula chako, wiki zote hizi. Sikujua kwamba ni chake. Nisamehe."

Bwana Zenon akaegemea ukuta kama mtu aliyeshushiwa gunia begani.

Yule mama alitingisha kichwa taratibu.

"Jikoni ni huku?" akauliza.

Akapita. Tukamfuata.

Akakaa kwenye ile meza, akaipapasa kwa kiganja. Akafungua begi akatoa chupa kubwa iliyofungwa kwa magazeti. Supu ya kuku, ya Jumapili, ile nyepesi yenye macho ya mafuta juu. Akatoa na tambi za mkono kwenye mfuko wa karatasi.

"Washa jiko," akaniambia. "Tambi kando, supu kando. Usizichanganye kwenye sufuria, zitavimba."

Nikawasha jiko.

"Miaka kumi na mmoja," akasema, bila kumwangalia mtu, "Leszek hakunirudishia chupa iliyooshwa. Hata moja. Zilikuja na ukungu, vifuniko vimechanganywa. Nampenda, lakini ni mchafu. Halafu mwezi wa tatu inakuja chupa inang'aa kama ya kanisani, na ndani kuna karanga."

Akacheka kidogo, puani.

"Nikajisemea, huyu si mwanangu. Huyu ni wa mama mwingine, na mama yake alimfunza."

"Ulijua tangu mwezi wa tatu?" Bwana Zenon akauliza.

"Nilijua."

"Na ukaendelea kupika?"

"Mtu anakula, nisipike?"

Bwana Zenon akavuta kiti akakaa. Akavua kofia, akaishika mapajani kama mtu aliyeitwa ofisini.

"Na ile kabichi ya kwanza kabisa," yule mama akamwuliza, "mbona hukuila wewe?"

"Nina vidonda vya tumbo."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa nane huu."

"Miaka minane unabeba chakula changu, husemi? Ningekupikia uji wa shayiri. Mwanaume mzima, mdomo umeshonwa."

Nikaweka sahani tatu za supu. Tukapiga ishara ya msalaba. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeshika kijiko, simu yake ikaita begini.

Akaangalia saa ya ukutani. Saa saba mchana kamili.

"Ni yeye," akasema. "Kila Jumapili, saa hii hii."

Akaiweka simu mezani, katikati ya sahani. Masikio yake si mazuri, kwa hiyo simu yake iko kwenye spika muda wote. Akaweka kidole mdomoni kutuonyesha tunyamaze.

"Halo, mwanangu."

"Halo, mama. Unaendeleaje?"

Sauti ya mtu mzima, imechoka kama yangu.

"Naendelea. Wewe?"

"Niko nyumbani. Nimepumzika leo."

"Umeshakula?"

"Ndiyo nakula, mama. Nimekaa hapa mezani, nakula supu yako ya kuku. Zenon ameileta Ijumaa."

Ijumaa hakuna kilicholetwa. Supu ilikuwa mbele yetu, inatoa moshi, na meza aliyosema amekaa, tulikuwa tumeikalia sisi.

Bwana Zenon aliinamisha kichwa hadi sikuona uso wake.

"Chumvi inatosha?" mama akauliza.

"Inatosha kabisa."

"Tambi hazijavimba?"

"Ziko vizuri, mama. Kama siku zote."

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mlio. Mkali, mrefu, ukakatika, ukarudi. Mimi nimezaliwa mbali na bahari, lakini hata mimi niliujua. Ndege wa baharini. Lublin hawapo.

Yule mama aliutazama mvuke wa supu. Nilidhani ataaga kama alivyoaga Jumapili zote. Akanitazama mimi. Akatazama ndala.

"Leszek," akasema.

"Naam, mama."

"Hao ndege wa baharini, umewapa nini?"

Tulisikia upepo upande wa pili, na wale ndege, na pumzi ya mtu.

"Mama," akasema mwishowe. Basi.

"Nimewasikia tangu mwezi wa kwanza," yule mama akasema. "Watu siwasikii vizuri. Ndege nawasikia."

"Mama, nilitaka kukwambia. Ulisema..."

"Najua nilichosema."

Akavua kofia yake ya sufu, akaiweka kando ya sahani. Nywele zake zilikuwa chache, nyeupe.

"Baba yako alipoenda ng'ambo asirudi, nilisema mtoto wangu akivuka mpaka asinijue. Nilisema nikiwa na hasira. Wewe ulikuwa na miaka sita, umesimama mlangoni, nikakuapisha. Mtu hamwapishi mtoto wa miaka sita. Hilo ni kosa langu, si lako. Lakini kila Jumapili nasikia unanidanganya, na mimi nakudanganya kwamba nimedanganyika, na nimechoka, mwanangu. Nimechoka."

Upande wa pili alikuwa analia. Polepole, kama mtu asiyetaka wenzake chumbani wamsikie.

"Sema unakula nini," mama akamwambia. "Kweli."

"Mkate, mama. Mkate na samaki wa kopo."

"Umefanya kazi na samaki wiki nzima, halafu unakula samaki?"

Akacheka kwa kilio, na sisi tukacheka.

"Kuna nani hapo?" Leszek akauliza.

"Kuna Zenon. Na kuna mtu anaitwa nani, wewe?"

"Otmar," nikasema.

"Kuna Otmar. Amevaa ndala zako. Zinamtosha."

"Kula huo mkate wako," akaendelea. "Usikate simu. Na sisi tunakula. Tukimaliza utaniambia huko kuko vipi."

Tukala. Supu ilikuwa imepoa. Tulisikia vijiko vyetu, na katikati ya meza tulimsikia mwanaume mmoja anatafuna mkate, mbali sana, na ndege wake.

Sijawahi kula mlo kama ule.

Baadaye Bwana Zenon aliposhuka kuwasha basi, nilimwuliza yule mama kwa nini leo. Miezi yote alijua, kwa nini aseme leo?

Alikuwa anavaa viatu, amekaa kwenye kiti cha mlangoni.

"Ijumaa sikutuma chupa, nilikuja kukuona wewe tu," akasema. "Nione mikono iliyoosha zile chupa, nirudi zangu. Nilikuuliza Leszek yuko wapi, ili nione kama utaficha. Nilidhani utaficha, kama sisi wote. Wewe ulikuwa na cha kupoteza, na ulisema. Nikaona aibu, mzee kama mimi."

Nilimletea chupa zake. Nilikuwa nazo nne, zimeoshwa. Tatu nilishazijaza, karanga na kashata na chai. Ya nne sikuwahi. Nilikuwa nimekata tamaa tangu Ijumaa.

Akazishika moja moja, akaangalia ndani. Alipofika ya nne akaigeuza kwenye mwanga. Akaifunga kifuniko chake, akanirudishia.

"Hii bado," akasema. "Zenon ataifuata Ijumaa."

Akashuka ngazi ameshika ukuta.

Ndugu zangu, mimi si mtu wa mafundisho makubwa. Mitihani yangu ni mwezi ujao na mashuka hayajikunji. Bado nimechoka. Ila lile lalamiko langu la jikoni nimelirudisha kwa Mungu kwa kuomba radhi. Sasa sidhani chakula kile kilikosea mlango.

Kama mtu anakulisha, muulize anakulisha kwa nini. Osha chombo chake, na usimrudishie kitupu. Na kama una mama au baba anayesubiri simu yako Jumapili, mpigie, mwambie uko wapi hasa na umekula nini hasa, hata kama ni mkate na samaki wa kopo. Huenda ameshajua, na anasubiri tu useme.

Leszek anakuja mwezi wa kumi na mbili. Amesema atafikia kwangu siku moja kabla ya kwenda kijijini. Nimeshaziosha zile ndala.